Mwaka Tulipomwogopa Solange

Tulipotoka makaburini tulikwenda kunawa mikono nyumbani kwa marehemu, kama desturi yetu ilivyo, na nikiwa kwenye mstari wa maji nikajikuta katikati ya watu wa kila umri wakiulizana swali lilelile: wewe ni wa mwaka gani? Ndivyo tunavyotambuana sisi tuliolelewa na Dada Tabita. Hatuulizani shule wala ukoo. Tangu nikiwa msichana mpaka nimeota mvi, mwanamke yule tuliyemzika aliwakusanya vijana wa Gisenyi, mji wetu unaopakana na Goma, kila Jumamosi, akawasomea Neno, akawalisha, akawakemea, na kila kundi likabaki na mwaka wake. Wapo waliosema wao ni wa mwaka wa korona. Wapo waliosema wao ni wa mwaka mto Sebeya ulipofurika na kuingia majumbani. Kijana mmoja aliyevaa tai nyembamba, macho yamevimba kwa kulia, alinigeukia akasema, “Na wewe, mama?” Nikamwambia mimi ni wa mwaka wa Solange. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyetajiwa kijiji asichokijua, akanimiminia maji. Nilinawa taratibu. Kulitamka jina lile kwa sauti, mbele za watu, kulinipitishia ubaridi mgongoni, ingawa mwenye jina ni mzima hadi leo na ni rafiki yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliishi kwa shangazi yangu Mwamini, fundi cherehani, Mwislamu wa swala tano. Jinsi mimi nilivyoangukia kanisani ni habari ndefu, na mji wetu umejaa nyumba za namna hiyo, hakuna anayeshangaa. Shangazi alikuwa akinunua vitambaa kwa Dada Tabita sokoni, akamwona ni mtu wa kweli, asiyepunja mita, na hilo lilimtosha kuniruhusu. Tulikutana katika chumba cha nyuma cha kanisa. Chumba hicho kilinuka viazi. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa Bugeshi kule milimani, alihifadhi magunia yake humo kabla ya kuyapeleka sokoni, nasi tuliyafanya viti. Ule udongo mweusi wa kule juu ulitushika kwenye nguo, na kila nilipofika nyumbani Shangazi alinigeuza mlangoni akanipangusa nyuma kwa kiganja: “Huko mnakoomba hamna mabenchi?” Kulikuwa na ngoma mbili za kwaya, dirisha moja lisilo na kioo, na jiko la mkaa nje ya mlango, ambapo sufuria ya viazi ilichemka tangu tunaanza hadi tunamaliza. Tulikula viazi hivyo na sambaza, vidagaa vya ziwani, za kukaanga kwenye sinia moja, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Vikombe vilikuwa vichache kuliko sisi, kwa hiyo ukimaliza unampa mwenzako.

Dada Tabita alikuwa na miaka thelathini hivi. Alizaliwa Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake. Kinyarwanda chake kilituchekesha na Kiswahili chake kilitutia aibu. Hakuwa mhubiri. Alisoma kipande kifupi cha Injili, akafunga Biblia, akauliza, “Hapa mnaogopa nini?” Swali hilo lilitushangaza mwanzoni, kwa sababu kwingine kote tuliulizwa tumejifunza nini. Alitupanga wawili wawili. “Mimi siwezi kumfuata kila mmoja wenu kila siku,” alisema. “Mtaleana. Mwenzako asipoonekana Jumamosi, nitakuuliza wewe.” Mwenzangu wa kwanza aliolewa upande wa Kanzenze, nikabaki peke yangu, na katika msimu wa mvua akaja Solange.

Nyumba yao Goma ilikuwa imemezwa na moto wa mlima wa volkano mwaka uliotangulia. Yeye na mama yake walipanga chumba kimoja mtaa wa Mbugangari, upande wetu, na kila asubuhi mama alivuka mpaka wa Petite Barrière na beseni la nyanya kichwani. Solange alikuwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, mwenye kovu la moto kwenye mkono ambalo alisema lilitokana na mafuta ya kukaangia. Alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Alimwiga mchungaji anavyokohoa kabla ya kutaja sadaka. Alimwiga Desire, mvulana aliyejua kila kitu, anavyoinua kidole. Alimwiga hata Dada Tabita mbele yake, “Jamani, vijana, hebu tusikilizane,” na Dada Tabita akacheka mpaka akaketi kwenye gunia. Mimi nilikuwa msichana wa kunyamaza. Kupewa mwenza wa namna ile kulikuwa kama kufunguliwa dirisha. Jumamosi jioni tulishuka pamoja hadi ziwani, yeye akiongea, mimi nikicheka, na nikigusa maji kwa mguu yeye alibaki juu mchangani. “Mi sipendaka maji,” alisema kwa Kiswahili chake cha Goma. Sikuuliza.

Siku ilipotokea tulikuwa tukiomba, macho tumefumba. Nilisikia sauti ambayo sikuielewa ni ya nini, ndefu, nene, kama hewa inayotolewa kwa nguvu kifuani mwa mnyama. Nikafumbua macho. Solange alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, na kabla sijalitamka jina lake alianguka kati ya magunia na kichwa kikagonga sakafu. Halafu mwili wake wote ukaanza kutikisika. Watu walikimbia. Desire aliruka dirishani, ngoma moja ikabiringika, mtu akapiga kelele “Igicuri! Igicuri!” yaani kifafa, na mlangoni wakasukumana kama nyumba inaungua. Mimi nilibaki. Baadaye wengi walisema nilikuwa jasiri, na kwa muda mrefu niliwaacha waamini hivyo, lakini ukweli ni kwamba miguu ilinikatalia. Nilisimama nimeganda. Mkono wa Solange ulinipiga, ukanishika sketi, na povu lenye damu likanidondokea kwenye vidole. Dada Tabita alipiga magoti upande wa pili. Alichukua kijiko cha chai akajaribu kukiingiza katikati ya meno, kwa kuwa ndivyo alivyosikia inafanywa, meno yakakataa, mdomo ukachanika. Akakitupa kijiko. Akabaki amemshika kichwa tu, akirudia, “Solange, mwanangu, Solange,” mpaka mtikisiko ukaisha wenyewe. Sketi ya Solange ilikuwa imelowa. Dada Tabita alivua kitenge chake cha juu akamfunika kabla wale waliokuwa wakichungulia dirishani hawajaona.

Nyumbani sikusema kitu, lakini katika Gisenyi habari hupita mbele ya mwenyewe. Nilipoingia Shangazi alikuwa na mteja, na cherehani ikasimama. Alinipeleka uani, akanisugua vidole kwa majivu na ndimu hadi vikawaka. “Povu lilikugusa? Niambie kweli, Mariamu. Lilikugusa?” Nikasema lilinigusa. Kisha nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia akizungumza na yule mteja, kwa sauti ya chini ambayo watu wazima hudhani watoto hawaisikii. Mteja alisema alimjua msichana wa hapahapa Gisenyi aliyeguswa hivyohivyo, na baada ya miezi akaangukia kwenye moto wa kupikia. Shangazi alisema kwao huitwa jini, na jini hupenda wasichana wapole. “Huyu wangu ni mpole,” alisema, na sauti yake ikakatika. Jioni nilipewa sahani yangu peke yangu na kikombe changu peke yangu. Hakunifanyia kwa chuki. Alikuwa amepika maharage ninayoyapenda.

Tangu siku ile nikaanza kungoja. Sijui niieleze vipi hofu hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kuishi nayo. Jicho likicheza, nilijua ni jini lenyewe. Mguu ukifa ganzi darasani, nilijua limeanzia huko. Nilijilaza mbali na jiko. Niliacha kushuka ziwani. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo leo yananihuzunisha: nilimwomba libaki kwa Solange. Na Solange alikuwa mwenzangu. Kila Jumamosi ilikuwa kazi yangu kumpitia Mbugangari. Nilikwenda, kwa kuwa nilimwogopa Dada Tabita vilevile, lakini nilitembea upande wa pili wa njia, na Solange, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, alitembea kimya akitazama viatu vyake.

Kundi lilipungua. Waliokuja walikaa karibu na mlango. Jumamosi moja chai ilipopita, kikombe cha Solange kilikwama mkononi mwake. Alikiinua amkabidhi jirani, jirani akasema ameshiba. Hakuna aliyesema neno baya. Siku hiyo nilitumwa kuchukua chumvi nyumbani kwa Dada Tabita, ng'ambo ya barabara, na nilipofika mlangoni nilimsikia yuko jikoni akiongea. Nilidhani ana mgeni. Alikuwa anaomba. “Bwana, naogopa kumgusa,” alisema. “Usiku namwona. Na watoto wananitazama mimi. Basi nisaidie nisikimbie, hayo mengine nitakuuliza baadaye.” Nilirudi bila chumvi. Nilikuwa nimeamini kwamba watu wazima waliookoka hawaogopi, na sasa sikuwa na mahali pa kuegemea. Niliketi kwenye gunia, naye akaingia akiwa na chumvi aliyoichukua mwenyewe. Alikichukua kile kikombe mkononi mwa Solange, akanywa chai iliyobaki mpaka ikaisha, akakijaza upya.

Ndipo akaja mhubiri mgeni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzuri, naye alikuwa amesikia. Katika ibada ya Jumapili alisema kuna roho imeingia kati ya vijana wa kanisa hili, na roho ikifukuzwa hutafuta nyumba nyingine, vijana wajichunguze. Alimwita Solange mbele. Solange alisimama mikono ikining'inia, akitazama chini, na mhubiri alipoanza kukemea, aliyeanguka hakuwa yeye. Alianguka msichana wa safu ya tatu. Kisha mwingine karibu na dirisha. Vilio vikatanda, akina mama wakawakumbatia watoto wao, nami nilijishika kwenye benchi la mbele kwa mikono yote miwili, nikiwa na hakika kwamba zamu yangu imefika. Leo najua wale wasichana waliangushwa na hofu tu. Siku ile ilikuwa kama kuona moto ukiruka kutoka paa hadi paa.

Wazee wa kanisa waliketi siku iliyofuata, na sisi vijana tulijibanza nje, ukuta ulikuwa wa mbao. Waliamua Solange akae chumba cha nyuma, afunge kula na kunywa, aombewe hadi awe huru, na mikutano ya Jumamosi isimame. Tulimsikia Dada Tabita akisema apelekwe kwanza hospitali. Mzee mmoja akasema, “Dada, hospitali inatibu mwili.” Akajibu, “Na mdomo uliochanika, si mwili?” Kisha sauti ya mama yake Solange, ambaye hatukujua kuwa yumo: “Dada Tabita, mi nishachoka. Kule Goma nilimupeleka kwa batu wote. Kama hospitali inamwandika mugonjwa wa kichwa, nani atamuoa? Waombe tu. Waombe, iishe.”

Mimi ndiye niliyewekwa ndani naye mchana, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha guswa. Hivyo ndivyo walivyosema, bila ubaya, kama unavyochagua sufuria iliyokwisha ungua. Mlango ulifungwa kwa nje. Nusu ya chumba ilikuwa viazi, nusu sisi. Siku ya kwanza alianguka mara kwa mara, na kila mara nilirudi nyuma hadi ukutani nikajifunika uso kwa khanga. Siku ya pili midomo yake ilikuwa mikavu, sauti imekwaruza, lakini akili yake ilikuwa pale.

“Mariamu,” alisema. “We unaniogopa?”

Nilitaka kusema hapana. “Ndiyo.”

“Bon. Asante ya kusema.” Alilaza kichwa kwenye gunia. “Mi nayo naogopa. Lakini haiko vile nyinyi munaogopa. Mi sijaionaka hata siku moya. Nakuwa nimesimama, kisha niko chini, na sura za batu ziko juu yangu. Mi naonaka tu sura. Hata mama. Anakuwa na sura ya mutu mwenye kuona nyoka. Donc mi najua niko nyoka, lakini sijaona mukia.”

Nilikuwa nimefikiri hofu yote ya chumba kile ni yangu. Nilisogea, sikumgusa, lakini nilisogea hadi gunia la jirani. Tulikaa hivyo tukisikiliza mtu akishusha mizigo nje. Kisha ile sauti ikatoka kifuani mwake, akaanguka, na safari hii haikukoma. Nilingoja ikome. Ilipungua, ikaanza upya, hajazinduka, ikapungua, ikaanza. Midomo yake ilibadilika rangi kama zabibu. Nikaupiga mlango kwa ngumi zote mbili nikilia jina la Dada Tabita, maana hakuna jina lingine lililonijia, wala la Mungu.

Mlango ulipofunguliwa walikuwapo mhubiri, wazee wawili, na mama yake Solange. Mhubiri alianza kuomba kwa sauti, na mzee mmoja akasema tusubiri, pepo anatoka, akitulia ndiyo mwisho. Nilimtazama yule mhubiri. Mgongo wake ulikuwa umeegemea ukuta kabisa, kama mgongo wangu ulivyokuwa. Naye aliogopa, sijawahi kumchukia tangu dakika ile. Dada Tabita alikuja mbio kutoka sokoni, futi ya kupimia vitambaa bado inamning'inia shingoni, akawapita wote akapiga magoti.

“Mama Solange,” alisema. “Twende hospitali.”

“Na kama anakufa njiani?”

“Atafia mikononi mwetu, siyo hapa chini kwenye viazi. Lakini mimi siwezi kumchukua bila wewe. Ni mtoto wako. Niambie.”

Mama aliwatazama wazee, akamtazama mhubiri. Hatimaye akafungua kitenge kiunoni akakitandika sakafuni, akasema, “Mumushike miguu.” Mwenye viazi, yule mzee wa Bugeshi, alikuwa nje na pikapu yake akipakia. Alipanda akasukuma magunia pembeni. Tulimlaza Solange juu ya yaliyobaki. Dada Tabita aliniambia nishike kichwa kisigonge, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine upande ule, nilikishika. Mate yake yalinilowesha mikono hadi kwenye viwiko. Barabara ilikuwa ya mawe meusi, kila jiwe nililisikia tumboni, na mama yake njia nzima alisema neno moja tu, “Ngoja, ngoja, ngoja,” sijui kama alimwambia mtoto au Mungu.

Walimchoma sindano akatulia. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye haraka, alitukemea kwanza, kisha akatufundisha: usimwekee chochote mdomoni, usimkandamize, mgeuze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ngoja, isipokoma upesi, mlete. Akasema ni kifafa, hakiambukizi, kina dawa. Dawa itapunguza, huenda isimalize. Dada Tabita aliyarudia maneno hayo moja moja akihesabu kwa vidole, kama mtoto anayekariri amri. Kisha alitoka nje, akaegemea ukuta wa wodi, akatapika.

Wazee walimwondoa katika huduma ya vijana. Walimwambia kwa upole, kwamba apumzike. Hakubishana. Jumamosi iliyofuata sufuria ya viazi ilichemka nyumbani kwake. Mwanzo tulikuwa mimi na Solange. Kisha akaja Desire, akasimama mlangoni muda mrefu na kidole chake tayari.

“Dada, nina swali. Biblia inasema yule kijana aliyeanguka motoni na majini alikuwa na pepo. Hospitali inasema ugonjwa. Nani anadanganya?”

Niliona Solange ameinamisha kichwa.

“Sijui, Desire,” alisema Dada Tabita. “Nimelia juu ya ukurasa huo na sijui. Ninachokiona ni kwamba yule mtoto alipolala kama maiti, watu wote wakisema amekufa, Yesu alimshika mkono akamwinua. Hilo naweza kulifanya nikiwa sijui. Ingia ule.”

Desire aliingia. Alikula viazi, hakugusa kikombe. Ilichukua Jumamosi nyingi. Wengine hawakurudi kabisa, na nyumbani Shangazi aliendelea kunipa sahani yangu peke yangu hadi mwezi wa Ramadhani, alipoisahau siku moja wakati wa futari akautia mkono wangu katika sinia lake.

Dada Tabita alitaka kila mmoja wetu ajue la kufanya. Alitandika mkeka sebuleni, akatuambia tujizoeze kwa zamu, mmoja alale, mwingine amgeuze. Tulicheka kwa woga. Solange alikaa kwenye kigoda akitazama, kisha akasema, “Munifanyie kitu moya. Munionyeshe.”

“Tukuonyeshe nini?” aliuliza Dada Tabita.

“Vile nafanyaka. Mi naigaka batu wote. Hakuna mutu alishaniiga mimi.”

Hakuna aliyeinuka. Alinigeukia. “Mariamu, we umeona zote.”

Sijawahi kufanya jambo lililonitisha kiasi kile. Nililala kwenye mkeka. Niliwaza kwamba nikianza kuiga, chenyewe kitaniingia, na nitabaki huko. Dada Tabita alisema kwa sauti ndogo, “Si lazima,” na nilijua kwamba kweli si lazima, na ndiyo maana nilifanya. Nilikakamaza mikono kama nilivyoiona. Nikageuza macho. Nikatikisika, nikaifanya hata ile sauti. Nilipoacha, jasho lilikuwa limenilowesha kana kwamba nimetoka ziwani. Solange alikuwa ameshika magoti yake.

“Ni hiyo tu?” alisema.

“Ni hiyo.”

“Kumbe ni kutetemeka tu.” Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika. “Mi nilidhani naotaka mapembe.”

Solange anaishi Goma. Ana watoto wawili na duka la nywele, na bado anakunywa vidonge vyake. Hakuweza kuvuka kuja kuzika. Njia siku hizi ni ngumu, na sisi wa mpakani tumejifunza kutoulizana sana. Alinitumia sauti yake kwenye simu, alimwiga tu Dada Tabita, “Jamani, vijana, hebu tusikilizane,” kisha akalia hadi ikakatika. Niliisikiliza nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba ya msiba, kati ya masufuria. Nami sasa nina kundi langu la vijana. Kila Jumamosi wanaponiangalia, naogopa: naogopa wanachokibeba, naogopa siku mmoja wao atakaponiletea jambo nisilolijua.

Mwaka ule wa Solange ulikuwa unakaribia kwisha tulipokwenda kumsaidia mama yake kubeba nyanya. Petite Barrière asubuhi ilikuwa kama kawaida yake, watu wamebanana, wabeba mizigo wakipiga kelele za kupewa njia, maafisa wakiita. Nilikuwa na beseni langu kichwani, Solange na lake mbele yangu. Niliisikia ile sauti. Beseni lilianguka kwanza, nyanya zikatawanyika chini ya miguu ya watu, kisha akaanguka yeye, na umati ukarudi nyuma kwa mkupuo mmoja. “Igicuri!” Mbeba mizigo mmoja, mtu mwenye mabega mapana, alininyooshea mkono: “We dada, usimuguse! Itakuingia!” Miguu yangu ilikuwa inakwenda. Nilitua beseni, nikavua sweta, nikaliweka chini ya kichwa chake, nikamgeuza ubavu. Povu lilinipata mkononi. Nilisema kwa sauti maneno ya yule muuguzi, moja baada ya jingine, kwa kuwa nikinyamaza ningesikia moyo wangu. Watu walikuwa duara pana kutuzunguka, na mwanamke mmoja akaniuliza kwa Kinyarwanda kama huyu ni ndugu yangu. Nikasema ndiyo.

Ilikoma. Alipumua kwa nguvu, akalala kidogo, kisha akafumbua macho, na nilikumbuka alichoniambia kuhusu sura. Nilijaribu kuitengeneza yangu. Nilijaribu kutabasamu, lakini midomo haikutulia, na machozi yalikuwa yananidondoka puani.

“Mariamu,” alisema taratibu, ulimi bado mzito. “Sura yako iko mubaya sana.”

“Najua.”

“Tomate ya mama iko wapi?”

Zilikuwa kila mahali. Nilitaka kuziokota lakini kila niliyoishika ilinichomoka. Yule mbeba mizigo alitutazama. Akainama, akaokota nyanya moja karibu na kiatu chake, akaifuta kwenye shati. Alisogea hatua moja, akanyoosha mkono wake wote, mwili ameuacha nyuma, akaidondosha ndani ya beseni. Akarudi haraka mahali pake. Kisha akainama kuokota nyingine.